Siku Tuliyomuaga Waya Wetu

Asubuhi nilikuwa naupaka waya wetu mafuta ya nazi.

Msicheke. Kwetu ni sheria. Waya wa intaneti ni mtumishi wa umma, una namba ya utumishi, una faili ofisini, na mtumishi wa umma haagwi akiwa na vumbi. Kwa hiyo nilipanda juu ya stuli na kitambaa changu, nikaanza pale unapoingilia dirishani, nikashuka nao ukutani, nikapita nyuma ya kabati, nikatokea kwenye kile kiboksi cha sebuleni chenye taa tatu. Taa ya kwanza inawaka kijani. Ya pili inawaka njano. Ya tatu haijawahi kuwaka tangu nizaliwe, na fundi mmoja aliwahi kutuambia hiyo ndiyo ya intaneti.

"Paka na nyuma," Bibi alisema kutoka kwenye mkeka. "Mgeni rasmi akija akakuta nyuma pakavu, atasema ukoo wetu wavivu."

"Bibi, nyuma yake hakuonekani."

"Serikali inaona."

Hilo ni kweli. Nchi yetu, ambayo siitaji jina kwa sababu jina lenyewe liko kwenye matengenezo hadi mwezi ujao, inaona sana. Kusikia ndiyo ina shida kidogo, ila kuona inaona.

*

Niseme kwanza kwa nini tulitaka kuacha waya tuhamie faiba, maana kuna watu watadhani ni majivuno.

Mama yangu yuko ng'ambo. Nchi yetu inauza nje korosho, mkonge na akina mama. Korosho zinaondoka kwa meli, akina mama wanaondoka kwa ndege, na wote wanapungiwa mkono na waziri yuleyule. Mama anatunza wazee wa watu kwenye nchi moja ya baridi. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na hiyo miaka miwili inaisha kesho. Kesho asubuhi mwajiri wake anataka jibu: asaini miwili mingine, au apande ndege arudi nyumbani.

Alipoondoka, mdogo wangu Tausi alikuwa na miezi saba. Sasa anakimbia, anaongea, na anaamini Mama ni simu. Ukimuuliza, "Mama yuko wapi?" anaionyesha simu ya Baba. Simu isipokuwepo anaonyesha chaja.

Mama hupiga vidio kila Jumapili saa kumi jioni. Sasa, waya wetu ni wa shaba, tunagawana mtaa mzima, nyumba thelathini na moja, na Jumapili saa kumi ndiyo mpira unaanza. Nyumba thelathini zinaangalia mpira, sisi tunapata kinachobaki. Kinachobaki ni paji la uso. Kwa miaka miwili nimeongea na paji la uso la Mama, limeganda kwenye kioo, na sauti inakuja vipandevipande kama mtu anaongea ndani ya pipa linalobingirika.

Na mimi, jina langu Sikudhani, sina maneno mengi. Mwalimu wetu wa darasa aliandika kwenye ripoti: "Sikudhani ni mtulivu kupita mahitaji." Kulikuwa na kitu nataka kumwambia Mama kabla ya kesho, na si kitu cha kuliambia paji la uso. Nilitaka nimwone macho kwanza. Nikishamwona macho, najua nitasema.

Kwa hiyo faiba. Na iwe kabla ya leo saa kumi.

*

Faiba yenyewe ilifika mtaani mwezi wa nne. Walichimba mtaro, wakalaza bomba, wakavuta uzi wa kioo mwembamba kama unywele mpaka nyumbani kwetu, wakauviringa, wakautundika kwenye msumari nje ya dirisha, wakaenda zao. Kutoka kwenye msumari mpaka kwenye kile kiboksi ni hatua nne. Tatizo ni hizo hatua nne. Zinahitaji uamuzi.

Kwetu familia haiamui hivihivi tu. Lazima aje Afisa Mashauri wa Kaya. Wa mtaa wetu ni Dada Pendaeli, mwenye mihuri sita kwenye pochi moja, na kila akitembea inagongana utadhani amebeba vijiko. Alikaa kwenye kochi letu, akatoa karatasi inayoitwa Fomu ya Kusudio la Kufikiria Kubadili, akalamba kidole.

"Sababu ya kutaka kubadili?"

"Waya hauna kasi," Baba akajibu. "Unagandaganda."

Dada Pendaeli aliweka kalamu mezani taratibu. "Mzee Shemdoe. Unamlalamikia mtumishi wa umma?"

"Mimi? Aa! Aa-aa! Nasema tu…"

"Kuna mzee mtaa wa pili aliandika waya hauna kasi. Akaitwa aeleze anakimbilia wapi."

"Sasa niandike nini, mwanangu?"

"Wengi wanaandika wameridhika."

"Nikiridhika nabadili ya nini?"

"Umeridhika mno."

Basi tukaandika: sababu ya kutaka kubadili, kuridhika kupita kiasi. Akagonga muhuri wa kwanza.

Swali la pili lilikuwa faida na hasara. Hapo tulikaa kutwa, maana ndani ya nyumba yetu kila mtu alikuwa na hasara yake. Baba aliogopa kutobolewa ukuta. Tena aliogopa kwamba umeme ukikatika faiba nayo inazima. Nikamkumbusha kwa sauti ndogo kwamba umeme ukikatika waya nao unazima, na usipokatika pia unazima. Bibi yeye aliogopa kioo.

"Mnaniletea kioo ndani ya ukuta, kikivunjika mtoto akakanyaga?"

"Bibi, ni kama unywele," nikasema.

"Unywele wa kioo! Na taarifa ya habari je?"

Ilibidi Dada Pendaeli aeleze. Waya unakuja na Televisheni ya Taifa, upende usipende. Faiba inakuja tupu, unachagua mwenyewe cha kuangalia.

"Unachagua?" Bibi alishtuka. "Nani achague? Nimekaa miaka sabini na moja sijachagua kitu, leo nianze na televisheni?"

Aliyetuokoa ni jirani yetu, Mama Nuswe. Yeye faiba anayo tangu mwezi wa tano, shemeji yake ni mtu wa ofisini, kwa hiyo uamuzi wake ulikuja umeshaamuliwa. Alimwita Bibi kwake akaongee na kijana wake aliyeko ng'ambo. Bibi alirudi ameshika shavu.

"Nimemwona mpaka chunusi," alisema. "Nimeona na ukuta wa nyuma, una picha ya ng'ombe. Yaani mtoto wa Mama Nuswe namwona chunusi, mkwe wangu mwenyewe simwoni hata pua?"

Akanyoosha mkono kupiga kura kabla hajaulizwa. Baba akanyoosha. Mimi nikanyoosha kidogo, mpaka usawa wa sikio, ikahesabiwa. Muhuri wa pili.

"Swali la tatu na la mwisho," Dada Pendaeli akasema. "Waya umeshaagwa?"

*

Hapa wageni huwa hawaelewi, wacha nieleze.

Kwetu hakuna kitu cha serikali kinachoondoka bila kuagwa. Ni utamaduni, tunausomea shuleni. Mlango wa ofisi ukibadilishwa, unaagwa. Meza ikivunjika mguu, inaagwa, inapewa cheti. Lile shimo la njia panda liliagwa kwa brasbendi mwaka juzi, hotuba zikatolewa, watu wakala pilau, na shimo lipo mpaka leo, wanasema limebaki kama mshauri.

Mahitaji ya kumuaga waya ni haya: meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki, keki, bati moja la zawadi ili mstaafu akaanze ujenzi, mgeni rasmi, na risala. Risala lazima isomwe na mwanafunzi aliye ndani ya nyumba.

Wote watatu walinigeukia. Tausi naye akageuka, kwa kuiga.

"Mimi naweza kuandika," nikasema. "Asome mtu mwingine."

"Mwanafunzi ni wewe," Dada Pendaeli akasema.

"Tausi ataanza shule lini?" Bibi akauliza.

Nikaandika. Kuandika sina tatizo nako, karatasi haikutazami. Kwenye rasimu yangu ya kwanza niliweka mafanikio mawili na changamoto tisa. Dada Pendaeli aliisoma amesimama, akaketi, akatoa kalamu nyekundu.

"Sikudhani, mdogo wangu. Risala si mahali pa kusema mambo."

"Mambo yanasemwa wapi, dada?"

"Mambo yana utaratibu wake. Mafanikio yasipungue arobaini. Changamoto unaandika 'hakuna'. Halafu mwisho kabisa unaweka ombi moja dogo, umelifunika vizuri."

"Waya ambao haufanyi kazi una mafanikio arobaini?"

"Ndiyo maana tunasomesha watoto," akasema.

Nilikaa na karatasi wiki nzima, na sijui niseme vipi, lakini nilianza kupenda ile kazi. Ukishakubali kwamba hakuna changamoto, mafanikio yanakuja yenyewe. Waya haujawahi kugombana na mtu. Waya haujawahi kuomba likizo. Waya umeiunganisha familia, kwa sababu wote tunakaa mbele yake tukisubiri. Waya umetufundisha subira. Nilipofika la thelathini na nane niliandika kwamba waya umetufundisha kumpenda mtu bila kumwona. Dada Pendaeli aliposoma hapo alivua miwani.

"Hii," alisema, "hii usiiguse."

*

Sherehe ilipangwa leo saa nne asubuhi. Fundi wa faiba, Mzee Herieli, alifika saa tatu na keekee yake ya kutobolea ukuta. Ni mtu mzima mwenye mvi na adabu, alikaa chini ya dirisha, pembeni ya ule uzi ulioviringwa, akaweka keekee mapajani.

"Mkimaliza tu kumuaga," alimwambia Baba, "kwangu ni dakika kumi. Natoboa, napitisha, nachomeka. Saa kumi mnaongea na mtu wenu mpaka mmchoke."

Saa nne mgeni rasmi hakuja. Saa tano hakuja. Saa saba keki ilianza kuinama upande mmoja, Bibi akaiegemeza na chupa ya maji. Saa nane na nusu gari jeusi liliingia mtaani likiwa linapiga honi, na ndani yake akatoka Mheshimiwa Matonange, Naibu Kamishna Msaidizi wa Nyaya Zilizokwisha Kufungwa.

"Samahanini sana," alisema huku akifuta jasho. "Nilikuwa namuaga kiyoyozi pale wizarani. Ilikuwa nzito. Watu wamelia."

Tukasimama kwa wimbo wa taifa. Dada Pendaeli, ambaye ndiye alikuwa mshereheshaji, alisema kwa heshima ya mstaafu, wimbo utapigwa kutoka intaneti kupitia waya mwenyewe, iwe kazi yake ya mwisho. Tukapiga makofi. Wimbo ukaanza vizuri, ukafika mstari wa pili, ukaganda.

Sasa sheria yetu inasema ukishasimama kwa wimbo wa taifa hukai mpaka uishe. Tukabaki tumesimama. Mheshimiwa alikuwa ameweka mkono kifuani, hakuutoa. Inzi alitua kwenye keki, hakuna aliyemfukuza. Mzee Herieli naye alikuwa amesimama kule nje na keekee yake, naona kichwa tu dirishani. Tausi peke yake ndiye aliyekuwa anazunguka katikati ya watu wazima, anawagusa magoti mmoja mmoja kuona kama ni wazima. Dakika kumi na moja. Halafu wimbo ukaruka, ukaenda moja kwa moja mwishoni.

"Itifaki imezingatiwa," Dada Pendaeli akasema, na wote tukaketi kama watu waliotoka safari.

Saa tisa kasoro robo. Nikaitwa.

Sitaki kuongea sana kuhusu nilivyotembea kutoka kwenye kiti mpaka kwenye kipaza sauti. Nilitembea. Karatasi nikaishika kwa mikono miwili. Nikaanza.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa heshima na taadhima, sisi wanakaya wa nyumba namba kumi na tisa, tunayo furaha isiyo kifani kukukaribisha katika siku hii ya kumuaga mpendwa wetu, waya…"

Nilisoma kwa sauti ndogo, na kwa sababu ilikuwa ndogo, watu walinyamaza ili wasikie. Nilipofika la kumi, mama mmoja mstari wa nyuma alisema, "Eeh." Nilipofika la ishirini, Mheshimiwa aliacha kuangalia simu yake. La thelathini na nane nikalisoma nikiangalia chini: "Waya umetufundisha kumpenda mtu bila kumwona." Nikasikia pua ya mtu. Nikainua macho kidogo. Ilikuwa ya Mheshimiwa.

Changamoto: hakuna. Ombi: kwamba mstaafu apumzike kwa amani, na uzi uliopo dirishani uruhusiwe kushika nafasi yake kwa unyenyekevu. Sisi watiifu wako.

Makofi yalipigwa mpaka bati la zawadi likaanguka.

*

Mheshimiwa Matonange alisimama, akashika kingo za meza.

"Ndugu wananchi," akasema. "Mimi nimeaga sana. Nimeaga milango. Nimeaga viti vya kuzunguka. Mwezi uliopita nimeaga lifti, ikiwa na watu ndani. Sijawahi, narudia, sijawahi kusikia mtumishi akisifiwa kama alivyosifiwa huyu leo. Mafanikio arobaini! Changamoto?"

"Hakunaaa!" watu wakaitikia, maana walishanisikia nikisoma.

"Sasa mimi nauliza. Mtumishi wa namna hii tunamuaga ili iweje? Nani atatufundisha subira? Faiba? Hebu niambieni, faiba ina subira gani?"

"Hainaaa!"

Nilimwangalia Baba. Baba alikuwa anaitikia na wenzake. Nadhani mdomo ulitangulia.

"Kwa mamlaka niliyopewa," Mheshimiwa akaendelea, na hapo Dada Pendaeli akaanza kutafuta muhuri, "namwongezea waya huyu miaka mitano. Na kuanzia leo si waya tu. Ni Waya Mwandamizi, Daraja la Kwanza!"

Vigelegele. Mtu akapuliza filimbi. Baba alipiga makofi, kwa sababu wote walikuwa wanapiga, kisha akaangalia viganja vyake kama si vyake. Mheshimiwa akateremka mwenyewe mpaka nilipo, akachukua kipaza sauti, akanisogezea mdomoni.

"Binti yangu. Kalamu yako imemwokoa. Umefurahi?"

Maneno yalikuwa manne tu. Hapana Mheshimiwa, tunataka faiba. Niliyahesabu, yalikuwepo yote, yalipanda mpaka hapa kooni, yakachungulia, yakaona watu, yakarudi.

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema. "Tunashukuru."

Walikata keki. Mheshimiwa alimlisha kiboksi kipande cha kwanza, kwenye ile taa ya tatu, ikabidi baadaye nifute krimu kwa pamba.

*

Mzee Herieli alikuwa ameshaanza kuutoa ule uzi kwenye msumari.

"Baba, subiri," Bibi alimwambia fundi, ametoka nje kwa kushikilia ukuta. "Watu si wameondoka? Wewe tobolea tu huo uzi wako. Nani atakuona?"

"Mama, pale pana muhuri sasa."

"Muhuri unauma?"

"Nimetumwa kufunga, sikutumwa kubishana," akasema kwa upole, akaendelea kuviringa. "Huu unaenda nyumba namba ishirini. Poleni sana. Ila binti anaandika, jamani. Hata mimi nusura nilie, na mimi nimekuja kumng'oa."

Bibi alirudi ndani akakaa kwenye mkeka wake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjukuu wangu, umemsifia mtu mpaka akakataa kustaafu."

Saa kumi kamili simu ya Baba ikalia.

Tulikaa palepale tunapokaa, mbele ya Waya Mwandamizi. Picha ikaja. Paji la uso. Kule nje mtaa mzima ulipiga kelele, mpira umeanza.

"Baba Siku… mna… faiba ime…?" sauti ya Mama ikatoka ndani ya pipa.

"Iko njiani!" Baba akapiga kelele, maana huwa anaamini mtandao ukiwa mbaya ni Mama ndiye hasikii. "Sisi wazima kabisa! Tausi anakula vizuri! Mama mzima, anatembea! Sikudhani leo kasoma risala mbele ya mgeni rasmi, mtaa mzima umelia! Hatuna shida yoyote! Usiwaze kitu!"

Nilimsikiliza Baba. Nimemsikiliza hivyo kila Jumapili kwa miaka miwili, lakini leo nilijikuta nahesabu. Alifika saba bila kuvuta pumzi. Changamoto, hakuna.

"Alhamdulil… kumbe mko vizu…" Mama akasema. "Mi nilikuwa na wasi… basi kesho nasaini tu… miwili si mingi… itapita."

"Itapita!" Baba akaitikia. Uso wake ulikuwa umekaa vibaya, lakini hiyo Mama hakuiona, naye alikuwa anapata paji la uso tu.

Nikapewa simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Una… lolote… kuniamb…?"

Nililiangalia lile paji la uso. Lina kovu dogo juu ya jicho la kushoto, ila jicho lenyewe halikuwepo. Nikasubiri lishuke. Nilisubiri kweli.

"Mzima tu, Mama," nikasema.

Kule nje wakashangilia bao, na simu ikakatika.

*

Baba ametoka, amesema anaenda kurudisha viti. Viti vilisharudishwa. Simu ameiacha mezani.

Nimeichukua. Nimeandika moja kwa moja, bila rasimu, na sikumpelekea Dada Pendaeli aipitie:

"Mama, ni mimi Sikudhani, si Baba. Usisaini. Bibi hatembei, anashika ukuta. Baba ameacha kula jioni, anasema ameshiba kazini, na kazini hawapiki. Tausi ameanza kumwita Mama Nuswe mama, na Mama Nuswe anaitika. Nilisoma risala vizuri lakini nilisema uongo mtupu, na kwenye simu pia nimesema uongo, mimi si mzima. Mafanikio hakuna. Rudi nyumbani."

Nimebonyeza.

Imetokea tiki moja. Tiki moja maana yake imetoka kwangu, haijafika kwake. Nimesogea karibu na kiboksi, nikaiinua simu juu, nikaishusha, nikasogea dirishani. Taa ya kijani inawaka. Ya njano inawaka.

Nje wanasema mpira umetoka sare, sasa wanaongeza dakika thelathini. Tiki bado ni moja.